Siti binti Saadi na Safari ya Sauti Yake

Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa la mzaha. Baba yake, Saadi, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua, na wote wawili walitoka katika jamii ya watu waliotiwa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo mtoto yule alikua akawa msichana katika nchi ambayo mtu aliweza bado kuwa mali ya mtu mwingine.

Sisi tusomao katika pwani hii ya Kilwa na Lindi tuna sababu ya kulitazama jina hilo mara mbili. Wazazi wa Mtumwa hawakutoka pande zetu, lakini maelfu ya wenzao walipita hapa. Katika karne ya 19 watumwa wengi waliovushwa kwenda Unguja walipakiwa majahazini katika bandari ya Kilwa Kivinje, baada ya kutembezwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wana na wajukuu wa watu hao ndio waliokaa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja, wakawa wapagazi, wapishi, mafundi na wachuuzi, na hao ndio waliokuja kuwa wasikilizaji wa bibi huyu.

Mtumwa hakutiwa shule. Alijifunza ufinyanzi, kazi ya mama yake, akawa akibeba vyungu kichwani kutoka Fumba mpaka mjini kwenda kuviuza. Husimuliwa kwamba alinadi bidhaa yake kwa kuimba, na watu wa njiani walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona. Kazi hiyo ilikuwa ya jasho na faida ndogo, tena chungu kimoja kikianguka faida ya siku nzima imekwenda. Basi mwaka 1911 akahamia mjini kutafuta maisha.

Wakati huo taarabu ilikuwa muziki wa wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyeleta muziki wa Misri katika jumba lake, na mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Walioimba walikuwa wanaume, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu, ingawa wengi waliosimama nje ya madirisha kusikiliza hawakuelewa hata beti moja. Mtu mmoja wa chama hicho, jina lake Ali Muhsin, aliisikia sauti ya Mtumwa, akaona ni hasara kuiacha ipotee katika kunadi vyungu. Alimfundisha kuimba kwa kufuata udi, kushika pumzi na kupandisha sauti pasipo kuipasua. Haukupita muda mrefu akajiunga na wapigaji na waimbaji hodari: Subeti bin Ambari, Mbaruku, Buda bin Mwendo na Maalim Shaabani. Vyombo vyao vilikuwa udi, fidla, dumbaki na tari. Ndipo watu wakaacha kumwita Mtumwa wakamwita Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Alialikwa katika harusi za matajiri, na katika jumba la Sultani Khalifa bin Harub. Lakini nyumbani kwake pia milango ilikuwa wazi kwa majirani, na jambo lililowavuta ni kwamba aliimba kwa Kiswahili. Kwa nyimbo zake watu wa Ng'ambo walisikia mambo yao wenyewe: wivu, njaa, wizi wa wakubwa, hukumu za mahakama. Uko wimbo mmoja juu ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja na mwanamume mmoja. Mwuaji akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa, kwa ajili ya pombe iliyonywewa usiku ule. Magazeti hayakuwaandikia watu wale. Siti aliimba, na mpaka leo kisa kile kinajulikana.

Wenye kijicho hawakukosekana. Walimsuta kwa asili yake, kwa kaniki alizokuja nazo mjini, na kwa sura yake, maana hakuhesabiwa kuwa mzuri wa uso, naye kwa kawaida aliimba akiwa amejifunika. Aliwajibu kwa nyimbo, kwa upole wenye makali. Mimi naona kwamba kujifunika kule kulimsaidia bila yeye kujua, maana chombo kilichokuwa kikimjia kutoka ng'ambo ya bahari kilikuwa hakina haja na uso wa mtu hata kidogo.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice, ile ambayo alama yake ni mbwa anayesikiliza mbele ya santuri, ilimwita yeye na wenzake waende Bombay, India, kutiwa sauti zao katika sahani. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Walisafiri kwa meli, wakaingizwa chumbani, wakaelezwa kwamba kila upande wa sahani una nafasi ya dakika tatu hivi. Fikiria shida ya jambo hilo. Usiku wa harusi wimbo hauna haraka. Wapigaji hutangulia, mwimbaji huingia akipenda, ubeti hurudiwa kwa ajili ya anayetuza. Bombay ilibidi nyimbo zikatwe zikakatwa, au zigawanywe upande huu na huu. Kwa hiyo Siti tunayemsikia katika sahani ni Siti wa dakika tatu, na Siti wa usiku kucha hakurekodiwa.

Lakini alifika kwa wakati mzuri. Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji aliimba ndani ya mdomo wa bomba kama tarumbeta, na nguvu ya pumzi yake peke yake ndiyo iliyosukuma sindano kukata mifuo katika nta. Vyombo vyenye sauti ndogo kama udi vilimezwa. Tangu mwaka 1925 kampuni kubwa zilianza kutumia umeme. Sauti iliingia katika maikrofoni ikawa umeme mdogo sana, umeme ule ukakuzwa na amplifaya ya valvu, na ndio uliosukuma sindano ya kukatia.

Wenzangu wa kidato cha nne wanaosoma Fizikia watakumbuka valvu ni nini. Ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna uzi unaopata moto kwa umeme. Elektroni hutoka katika joto lile zikaruka kwenda kwenye bamba. John Ambrose Fleming wa Uingereza aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904, na mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akatia wavu katikati. Umeme mdogo ukiwekwa katika wavu huo huongoza umeme mkubwa upitao, kama mlango mdogo wa mfereji unavyoongoza maji ya shamba zima. Basi sauti ya binti wa mfinyanzi wa Fumba ilipita katika chupa hizo kabla ya kuingia katika sahani.

Sahani zenyewe zilikuwa za shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa mitini huko India, ndugu wa lakiri iliyotumika kufungia barua. Ni ngumu, nyeusi, na huvunjika kama chungu. Ziliuzwa Unguja, Mrima, Kenya na mbali zaidi, na zikanunuliwa sana hata kampuni ikarekodi tena mwaka 1929, na kampuni nyingine, kama Columbia, zikafuata. Mahali zilipofika meli na majahazi, huko zilifika sahani pia. Watu wa Kilwa, ambao wazee wao husema Kimgao, waliweza sasa kusikia Kiunguja cha Siti barazani kwao bila kupanda chombo.

Lakini waliisikia kwa kitu gani? Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalifikiri. Katika vijiji na miji midogo ya pwani hapakuwa na umeme wa nyumbani. Santuri ilikuwa ya kutia ufunguo: kamani ilizungusha sahani mara 78 kwa dakika, sindano ya chuma ikatetemeka katika mfuo, utando mwembamba ukatetemeka nayo, na bomba lililopanuka mdomo likaikuza sauti. Hapakuwa na waya wala betri wala taa. Basi sauti iliyotiwa kwa valvu ilitolewa kwa kamani. Sauti nene za udi zilififia kwa sababu bomba lilikuwa dogo, lakini sauti ya mwanamke ilipenya wazi, maana bomba la namna hiyo hupenda sana sauti za kati. Kama kampuni ingalitafuta kwa makusudi mwimbaji wa kufaa chombo kile, isingalipata mwingine bora.

Bei ya starehe hiyo ilikuwa sindano. Sindano ya chuma ilipasa kubadilishwa kila upande wa sahani, kwa kuwa hulika, na ikishalika hugeuka patasi. Uzito wake ulikuwa mkubwa, nao ulikwangua mifuo kila mara sahani ilipochezwa. Mwenye kubania sindano aliharibu sahani upesi. Sahani iliyopendwa sana ndiyo iliyokwisha kwanza. Zile ambazo hazikupendeza zilibaki safi masandukuni. Bibi yule alichakazwa na wapenzi wake, si na adui zake.

Siti aliendelea kuimba hata uzeeni. Tarehe 8 Julai 1950 alifariki dunia. Shaaban Robert akaandika wasifu wake, ukatolewa mwaka 1958, na wengi wetu tumemjua kwanza kwa kitabu hicho. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizichukua nyimbo zake akaziimba mpaka Ulaya. Hata wanahabari wanawake wa Tanzania, walipoanzisha gazeti lao, waliliita Sauti ya Siti.

Hakuiwahi Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza kutangaza mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake. Lakini sahani zake ziliiwahi. Redio ya valvu iliyokaa sebuleni mwa mwenye uwezo mara nyingi ilikuwa na matundu mawili nyuma, yaliyowekwa kwa ajili ya santuri. Humo kilichomekwa kichwa cha sindano chenye kristali, na spika ya redio ikaimba. Ndipo kwa mara ya kwanza watu wengi walipousikia udi wa Bombay kwa unene wake, kwa maana ulikuwamo katika sahani miaka yote ile, nao ulingoja chombo cha kuutoa.

Kisha ikaja transista. Ilibuniwa Marekani katika maabara ya Bell mwezi Desemba 1947, wakati Siti angali hai, na kuanzia mwaka 1954 redio ndogo za transista zikaanza kuuzwa. Valvu hutaka umeme wa mamia ya volti, hupata moto, huchakaa. Transista hutosheka na betri za tochi, haina kioo cha kuvunjika, nayo huamka papo hapo. Kwa nchi yenye umeme haba ilikuwa neema.

Hata hivyo watu wengine waliochomeka santuri zao za kristali katika amplifaya za mwanzo za transista walishangaa kusikia sauti nyembamba isiyo na besi, wakasema transista haina utamu. Sababu yake si utamu, ni kutopatana kwa vyombo. Kristali hutoa volti nyingi, nusu volti au zaidi, lakini haiwezi kutoa mkondo mkubwa. Valvu haiombi mkondo kwa kichwa cha sindano, huomba volti tu. Kwa hiyo wawili hao walielewana. Transista za mwanzo ziliomba mkondo, na kristali ilipolazimishwa, besi ndiyo iliyopotea kwanza. Mafundi walikuja kulitengeneza jambo hilo, lakini sifa mbaya ilikwisha kuenea, na iko mpaka leo.

Leo ubishi umerudi kwa sura mpya. Wako wanaosema Siti asikilizwe kwa sahani na valvu tu, na kwamba dijitali humtoa roho. Wako wanaosema simu yatosha. Mimi sikubaliani na upande wowote. Sahani za mwaka 1928 hubeba mitetemo mpaka kiasi cha 5,000 au 6,000 kwa sekunde, na juu ya hapo ni mchakato wa shelaki tupu. Dijitali ya kawaida ya sahani za CD huchukua vipimo 44,100 kila sekunde, yaani huweza kubeba mitetemo zaidi ya 20,000. Hakuna neno la Siti ambalo halitoshei humo. Na amplifaya njema ya transista haitaongeza wala kupunguza kitu cha kusikika. Valvu ikizidiwa hukwaruza kwa upole, transista ikizidiwa hukwaruza kwa ukali. Lakini nani atakayehitaji kuzizidisha katika chumba cha kulia? Apendaye mwanga mwekundu wa valvu na awe nayo, maana kupenda si kosa, mradi akumbuke kwamba wazee wetu walimlilia Siti kwa santuri isiyo na valvu wala transista.

Mambo yanayoharibu kweli ni mengine, na yote yako kabla ya amplifaya. La kwanza ni sindano. Mifuo ya sahani za zamani ni mipana. Hutaka sindano yenye ncha mara tatu hivi ya ile ya sahani za vinaili zilizokuja baadaye. Ukitumia sindano nyembamba huzama chini ya mfuo, ikakokota vumbi na kuiacha sauti kandoni. La pili ni nguvu. Kichwa cha sumaku cha siku hizi hutoa elfu chache tu za sehemu ya volti, hali CD hutoa kama volti 2. Kichwa hicho hakiwezi kuchomekwa mahali pa CD kikasikika; hutaka kwanza kikuzwe kama mara mia katika amplifaya ndogo ya santuri. Na ukichomeka CD mahali pa santuri utasikia kishindo na mkwaruzo.

La tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Tangu kiasi cha mwaka 1954 viwanda vilifuata kanuni moja: wakati wa kukata sahani, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huzidishwa, kisha amplifaya ya santuri hurudisha kinyume chake. Sahani za Bombay zilikatwa zamani kabla ya kanuni hiyo. Ukizipitisha katika amplifaya ya leo, sauti nyembamba hupunguzwa ingawa hazikuzidishwa, na Siti huimba kama mtu aliye nyuma ya mlango uliofungwa. Watu husikia hivyo wakadhani ndivyo alivyokuwa. Nyingi ya nakala zinazopita katika simu zetu zilitengenezwa kwa namna hiyo, na hapo lawama si ya dijitali wala ya transista. Ni ya aliyenakili.

Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, ilianza mwaka 2004 kupelekwa Dar es Salaam kuzalisha umeme, kwa hiyo siku hizi amplifaya nyingi, za kila namna, huimba kwa moto wa chini ya bahari yetu. Umeme si shida tena kama zamani. Shida ni sahani zenyewe. Zilizobaki ni chache, na kila moja iliyovunjika huenda ikawa na wimbo ambao haupo mahali pengine.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wetu wa Kivinje, Masoko, Lindi, Mingoyo na kwingineko. Ikiwa ndani ya sanduku la marehemu babu au bibi iko sahani nyeusi nzito, hasa yenye picha ya mbwa na maandishi ya Kiswahili, tafadhali msiijaribu kwa santuri ya zamani yenye sindano ya chuma, hata kwa kutaka kuonja tu. Isimamisheni wima, isilazwe chini ya mizigo, isikae juani, maana shelaki hupinda kwa joto. Atafutwe kwanza mtu mwenye sindano pana na ujuzi wa kunakili, ichezwe mara moja, inakiliwe, kisha irudishwe sandukuni. Ikiwa na ukungu wa pwani, ipanguswe kwa kitambaa laini chenye maji safi kidogo, bila kulowesha karatasi ya katikati. Isipanguswe kamwe kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha shelaki, na mifuo yote itaondoka na kitambaa.